Posa ya Mikondo Mitatu

Mzee Mwinyimvua aliingia Nyumba ya Vikao na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Akaniangalia juu hadi chini, akauliza kama fundi wa chumba ni mimi. Nikasema ni mimi, naitwa Kokusima. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Bukoba. Akasema basi, kwa kuwa kuna Mhaya, posa ya leo itaendeshwa kwa Kiingereza, akacheka peke yake na kupita zake. Sikujua nicheke au ninune, kwa hiyo nilimwelekeza tu mahali pa kuacha simu.

Alikuwa mshenga. Alikuja Tabora na watu wake kwa treni ya alfajiri kutoka Kisarawe, safari ambayo siku hizi inakwisha kabla chai ya kwenye chupa haijapoa, kumposea mpwa wake Mfaume. Mwenyewe Mfaume, kwa kuwa mwoaji haingii kwenye posa yake, alikaa na mimi kwenye kibanda cha kioo akijifuta viganja kwenye suruali. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyezaliwa na kukulia kituo cha Mwezini ambako wazazi wake walichimba madini, na mashine za huko zilimfundisha adabu za kila taifa la dunia isipokuwa za kwao. Alirudi ardhini akiwa mtu mzima. Akamwona Nyamizi akikagua mizinga ya nyuki juu ya mapaa ya mji huu, na tangu siku hiyo hakuwa na habari na kitu kingine.

Upande wa Nyamizi walikuwa wameshakaa. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Kasanda, mtu mkavu anayemeza mate kabla ya kila sentensi. Pembeni yake alikaa shangazi, Bi Kalunde, mama mnene mwenye macho ya mtu anayetafuta nani hajala. Baba mzazi wa binti, ndugu yao hao wawili, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nyamizi alikuwa nyuma ya pazia, ndani ya kuta zile zile, akingoja kuitwa aulizwe kama ameridhia.

Mfaume alinieleza alivyojipanga. Mjomba alikuwa amewekewa kidude sikioni, na nikitaka ningeweza kumpenyezea maneno. Maneno yenyewe yangetungwa na Mshauri, programu ya heshima aliyokuja nayo kutoka Mwezini, ambayo ilikuwa imesoma hotuba za mabalozi wote waliowahi kuishi. Lakini kwanza, alisema, tumwachie mzee ajaribu kwa akili yake. Akiharibu, narudisha. Akaniuliza kama hiyo siyo kazi ya chumba, nikamjibu kwamba ndiyo hasa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na sitachosha mtu. Chukua mama aliye jikoni amemtuma mtoto chumvi. Moto unawaka, mchuzi unatokota, mwiko uko hewani, wageni wamekaa sebuleni wanasikia harufu. Kila kitu kimesimama kikingoja kitu kimoja. Hayo yote yaliyobaki kufanyika, kuanzia chumvi itakapofika mpaka mgeni wa mwisho atakaponawa mikono, ndiyo tunayaita mwendelezo. Sisi mafundi tumejifunza kuushika mzima mzima, kama mtu anavyobeba chungu kwa masikio yake. Ukiupa chumvi utapata mchuzi. Ukirudi ukaupa sukari utapata mchuzi mwingine, na ugomvi.

Chumba chetu hufanya hivyo kwa watu. Mtu akiuliza swali, kabla ya jibu, napiga kigingi. Tangu hapo kila kilichomo ndani ya kuta, chai, pumzi, kumbukumbu, kinaning'inia kwenye kishikio changu, kipande cha shaba kinachoenea kiganjani. Nikitaka narudi kwenye kigingi na kuingiza jibu jingine, mkondo mpya unaanza. Mkondo wa zamani haufi, unasimama pale ulipofika. Ila mlango wa nje ukishafunguliwa, mkondo mmoja tu ndio unaotoka kwenda duniani, na mingine inadondoka. Walio ndani hawakumbuki chochote cha mikondo iliyoachwa. Tunaokumbuka ni sisi tulio nje ya kuta. Wote huwekewa maelezo hayo mlangoni na wote huweka kiganja kukubali, kwa mwendo ule ule wa mtu anayekubali masharti ya simu.

Mzee Kasanda alimeza mate. Akawakaribisha wageni, akawauliza habari za njiani, za mvua, za wagonjwa. Kisha akauliza swali lenyewe: mmekuja kufuata nini? Nikapiga kigingi.

"Tumefuata mzigo wetu," alisema Mzee Mwinyimvua. "Babu yenu alikabidhiwa pale Bagamoyo aulete bara kwa kichwa. Mpaka leo hajaushusha. Tumechoka kungoja, na watu wa kwenu tunawajua, mkikaa na kitu muda mrefu mnasema mmezaa nacho."

Kwetu Bukoba mtu akimwita baba mkwe mtarajiwa mwizi wa mzigo, kikao kimekwisha na kuna mtu anatafuta fimbo. Nilishika kiti. Ndani, Bi Kalunde aliinuka na unene wake wote, akasema Wazaramo hawajawahi kuwa na mzigo wowote ila ngoma, na hata hiyo huipiga wakiwa wamelala. Akainama, akamvua mgeni viatu, akampokonya na kofia, akavikalia vyote. Akatangaza kwamba mzee hatoki humo mpaka abebe gunia la unga kichwani na kulizungusha chumba chote, aone babu zao walivyopata taabu. Mzee Mwinyimvua akapiga meza. Wengine wakasimama. Ubao wangu wa mapigo ya moyo ukapanda mpaka juu, na Mshauri akaandika kwa herufi nyekundu: matusi, unyang'anyi, hatari.

Mfaume alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Akaniambia nirudishe. Sikumngoja aseme mara mbili, nikavuta kishikio.

Chumba kikatulia. Viatu vikawa miguuni mwa mwenyewe, kofia kichwani. Mzee Kasanda akawa ndiyo kwanza amefunga mdomo baada ya swali lake, na Bi Kalunde ametulia, mikono mapajani, hana habari kwamba alikuwa amekalia kofia ya mtu. Hiyo hali huwa inanipendeza sana. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nafurahi kama siku ya kwanza nikiona kikombe kilichomwagika kimejaa tena.

Safari hii nilimpenyezea mzee maneno ya Mshauri. Yalikuwa mazuri kwa kweli. Yalizungumzia bustani, ua, harufu iliyovuka mito na milima, na unyenyekevu wa wageni mbele ya waheshimiwa wa ukoo wenye sifa. Mzee aliyarudia neno kwa neno kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Alikuwa amemwahidi mpwa wake kwamba atasema atakachoambiwa, na alitimiza.

Mfaume akashusha pumzi. Ndani hakuna aliyepiga meza. Mzee Kasanda aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa maneno mazuri, akasema wamesikia, watakaa wazungumze, watajibu. Bi Kalunde alikuwa anaangalia sakafu. Chai haikuguswa na asali ilibaki na kifuniko chake.

"Imeenda vizuri," alisema Mfaume.

Ilibidi nimfafanulie. Mashine zilimfundisha mambo mengi, lakini hazikumfundisha kwamba watu wa huku chini wakikwambia watakaa wazungumze, wameshazungumza. Alibaki anaitazama asali ile. Kisha akasema labda hatukuonyesha heshima ya kutosha, tuongeze.

Kwa hiyo tukafanya mkondo wa tatu. Mshauri aliongeza heshima mpaka ikafurika. Mzee Mwinyimvua alisimama, akaweka mkono kifuani, akawaita wenyeji waheshimiwa, akaomba radhi kwa usumbufu wa kuwepo kwake. Nikamwona Mzee Kasanda anamtazama dada yake, kisha anatazama pembeni. Alifungua kinywa kusema kwamba wamesikia, watakaa wazungumze, lakini Bi Kalunde alimshika mkono kumzuia.

"Mwinyimvua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulifanya kazi reli na kaka yangu mpaka mkaota mvi pamoja. Mwaka jana tulipomzika ulishuka ukalala ndani ya kaburi lake. Ukasema kaburi kubwa hivi Mnyamwezi mmoja atapotea humo, mtalala wawili, na hutoki mpaka upewe jogoo. Nilikuwa sijatoa chozi wala neno tangu afe. Watu walidhani nitapasuka. Nikacheka pale juu ya udongo, ndipo nikaweza kulia. Leo unakuja kwetu unazungumza kama karani wa benki. Mtu anaacha kumtania mtani wake kwa sababu amemkasirikia au kwa sababu amemdharau. Niambie ni lipi."

Alikuwa analia, bila kelele, akijifuta kwa upande wa khanga. Nikapiga kigingi kabla mzee hajafungua mdomo.

Kwenye kibanda tulitazamana sisi wawili, watu wazima wawili wenye vyeti. Hatukujua. Mimi kwetu mambo hayo ya utani yana watu wake na namna yake nyingine, sikujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana bila kutukanana ndipo pana msiba. Yeye alikulia mahali ambapo mtani wake wa karibu alikuwa umbali wa treni, chombo cha anga na miaka kumi na minane. Kile tulichokiona ni vita kilikuwa ni salamu, na tulikuwa tumekivuta kikatoka kama mwiba.

"Ule wa kwanza bado upo?" Mfaume aliuliza.

Ulikuwepo. Niliuachia uendelee kutoka pale tuliposimamisha, meza ikiwa bado inatetemeka kwa ngumi ya mzee. Na haya ndiyo tuliyoyaona: Mzee Mwinyimvua alipiga meza tena, akasema gunia alete yeye mwenyewe Kalunde kama bado ana mgongo. Gunia likaletwa. Akalibeba kichwani, bila viatu, akazunguka chumba akiyumba na kuimba wimbo wa wapagazi vibaya sana, huku upande wa binti wakipiga makofi na Bi Kalunde akipiga vigelegele vya kuvunja kioo. Mzee Kasanda, mkavu yule, alikuwa amejishika mbavu. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anacheka kwa kwikwi, na Mfaume akaweka kiganja kwenye kioo upande ule. Unga ulimwagika kwenye kanzu. Mzee Kasanda akasema, akifuta macho, haya mwiteni huyo mzigo tumuulize.

Nikausimamisha mkondo pale, mzee akiwa na mguu mmoja hewani.

"Fungua mlango," Mfaume alisema. Uso wake ulikuwa umerudia rangi yake. "Kokusima, fungua. Imeshakuwa sawa."

Ilikuwa sawa. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi ya mlango, na ningeibonyeza ningekuwa nimefanya kazi niliyolipwa. Nisiseme uongo, nilitaka kuibonyeza. Nilipenda jinsi walivyocheka na nilitaka watoke wakicheka hivyo hivyo. Lakini kwenye kishikio, chini ya kidole gumba changu, nilikuwa na mwanamke amemaliza kuuliza swali na machozi hayajakauka.

Nikamwambia hivyo. Akasema yule hayupo, mwenyewe tumemwona sasa hivi anapiga vigelegele. Nikasema yupo, anangoja jibu, na neno alilolisema ni zito kuliko yote yaliyosemwa leo. Akasema hatajua kwamba alilisema. Nikamwambia ndilo tatizo langu lenyewe.

"Hakuna aliyeumia," alisema.

"Wewe utakuwa unajua," nikamwambia. "Utakula kwa shangazi wa mkeo sikukuu na sikukuu, na utakuwa na kitu chake mfukoni ambacho hakukupa."

Alikaa. Nilimwona anaifikiria, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakumtazama Mshauri. Mimi sikuwa na haki ya kumchagulia, kama ambavyo hakuwa na haki ya kuwachagulia wao, na kwa kweli kama angesema tena fungua, ningefungua, ningekwenda nyumbani nikagombana na sahani. Mkataba ulikuwa upande wake. Kila kitu kilikuwa upande wake, na alikuwa anampenda yule binti.

Mwisho akauliza: tukienda kwenye ule wa tatu, tutaingiza jibu gani? Mjomba atasema nini baada ya swali kama lile?

Kuna jambo mwalimu wangu alitufundisha siku ya mwisho ya masomo, akacheka alivyotuona tumetoa macho. Mwendelezo unangoja jibu, alisema, na jibu linaweza kuwa kitu chochote. Chumvi, sukari, neno. Linaweza kuwa hata mwendelezo wenyewe. Unaweza kukishika kile kishikio na kukiingiza ndani, kikawa jibu, na walio ndani wakakishika wao. Sijawahi kufanya hivyo kwa sababu hakuna mteja anayeomba kunyang'anywa usukani.

Nilikiweka kile kipande cha shaba kwenye kiganja chake. Nikamweleza kwamba akivuka kizingiti naye anakuwa wa ndani. Wakiamua kurudi nyuma, atarudishwa pamoja nao kama kikombe, na hatajua kwamba aliwahi kuingia. Wakiamua kumfukuza, atafukuzwa na akili zake timamu. Na mwoaji haingii kwenye posa yake, hilo nalo alijue.

"Nikiharibu?" aliuliza.

"Utakuwa umeharibu," nikamjibu.

Nikaachia mkondo wa tatu. Bi Kalunde alikuwa bado na khanga machoni, mzee anatafuta neno, na mlango mdogo wa kibanda ukafunguka, mwoaji akaingia. Watu wote waligeuka. Mtu mmoja wa upande wa Kisarawe alisema kwa sauti kwamba mtoto huyu amechanganyikiwa. Mfaume alipiga magoti mbele ya Bi Kalunde, akainua kile kishikio kwa mikono miwili, akaanza kueleza. Alieleza vibaya. Alianza katikati, akarudi mwanzo, akasahau gunia, akalikumbuka. Lakini hakuficha kitu. Alisema mjomba hakumkasirikia mtu wala hakumdharau mtu, mjomba alijibu kama mtani tangu mwanzo na yeye Mfaume ndiye aliyemziba mdomo mara mbili, kwa sababu alidhani ni ugomvi na aliogopa kumkosa Nyamizi.

Mzee Kasanda alimeza mate mara kadhaa lakini hakuna sentensi iliyofuata. Hatimaye alisema kwamba wamechezewa kama karata, na kwamba anaona watu wachukue viatu vyao waende. Alisema bila kupaza sauti, ndiyo maana niliogopa.

Mzee Mwinyimvua yeye alikuwa amechomoa kidude sikioni na anakitazama. "Yaani mimi," alisema polepole, "nimesimama mbele ya Kalunde nikamwita mheshimiwa?"

"Mara mbili, Mjomba," alisema Mfaume.

Bi Kalunde alichukua kishikio. Akakigeuza, akakipima uzito, kisha akatazama juu kwenye kioo changu. Aliniita bi fundi. Akauliza kama ni kweli kwamba akikivuta atarudi pale ambapo anacheka. Nikamjibu kwa kipaza sauti kwamba ni kweli. Akauliza kama huko atakuwa anakumbuka haya ya kaburini aliyoyasema sasa hivi. Nikasema hapana, huko hakuyasema. Na posa, akauliza, huko inakwenda? Nikasema huko ilikuwa imebaki kumwita binti tu.

Alikaa nacho kidogo. Hakuna aliyemharakisha, hata Mzee Kasanda.

"Yule Kalunde wa huko ameshacheka," alisema. "Mimi bado. Nimelia bure mbele ya watu, halafu kicheko changu akacheke mwingine?" Akanyanyuka kidogo kwenye kiti, akakiweka kile kishikio chini yake, akakikalia kwa uzito wake wote. "Hiki kimekamatwa. Na wewe Mwinyimvua, karani wa benki, hebu nijibu nilichokuuliza, lakini kwa mdomo wako."

Mzee alimtazama. Kisha akamtazama Mzee Kasanda. Alisema kweli alilala kaburini kwa rafiki yake, na sababu ya kweli ya kukataa kutoka ni kwamba miguu ilikataa, maana mtu aliyekuwa anampa mkono kumwinua kila wanapomaliza kukaza reli ndiye alikuwa analazwa pale. Jogoo alimtaja kwa sababu ilibidi aseme kitu. Akasita hapo, akapangusa pua. "Na jogoo wenyewe mlionipa," akasema, "alikuwa amekonda kama Mnyamwezi aliyetoka Bagamoyo kwa miguu. Nikajua hawa watu hawana hata cha kumlishia binti. Ndiyo maana tumekuja kumwokoa."

Bi Kalunde alipasuka. Sijui njia nyingine ya kusema. Alicheka na machozi yale yale yakiwa bado yanashuka, akimpiga mzee begani kwa khanga, akimwita mlafi wa jogoo, mvivu wa pwani, mwizi wa vitanda vya marehemu. Mzee Kasanda alijitahidi kubaki na hasira yake, nikamhurumia, kwa sababu ilikuwa inamtoka kama maji kwenye ungo. Alisema kijana alipe faini. Mtu mmoja akauliza faini gani. Akasema binti mwenyewe aamue, kwani aliyechezewa zaidi ni yeye, alikuwa nyuma ya pazia anangoja jibu la maisha yake huku mwenzake anachagua chagua kama mtu aliye sokoni.

Kwenye skrini yangu ya pembeni mkondo wa kwanza ulikuwa bado umesimama, mzee na gunia lake, mguu hewani, unga ukiwa katikati ya kichwa na sakafu. Nilisikitika kwa ajili yao. Nimeambiwa na wakubwa zangu kwamba hakuna cha kusikitikia, mkondo uliosimama hauhisi kitu, na labda ni kweli. Lakini nilisikitika.

Pazia lilivutwa, Nyamizi akatoka. Alikuwa amevaa khanga mpya, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kidogo, nyuki walikuwa wamempata asubuhi. Hakuketi. Alimtazama Mfaume aliyekuwa bado magotini, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Nimesikia yote," alisema. "Sasa mimi nina swali moja. Tutakaa pamoja, tutagombana, nitasema neno litakalokuchoma. Siku hiyo utanirudisha mara ngapi mpaka nijibu unavyotaka?"

Mfaume aligeuka akatazama juu kwenye kioo, akimtafuta Mshauri kama alivyofanya asubuhi yote. Mshauri alikuwa ameshaandika majibu manne, yote matamu. Nikamzima. Nikainua mikono yangu miwili ili aione kwamba ni mitupu.

Akageuka kwa Nyamizi.

"Nitakosea," alisema, "na utakumbuka."

Bi Kalunde alikuwa ameacha kujifuta machozi ili asikie vizuri.

"Nitakumbuka sana," alisema Nyamizi. "Nitawasimulia na watoto wako." Kisha akamgeukia baba yake mkubwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye ameridhia.

Kelele zilizoinuka zilifanya ubao wangu wa mapigo uwake mwekundu kuliko mkondo wa kwanza, na safari hii sikushika kitu. Mlango wa Nyumba ya Vikao unaweza kufunguliwa kwa ndani kwa mkono, ingawa hakuna anayejua kwa sababu kila mara hufungua mimi. Nikawaambia kwa kipaza sauti. Mfaume ndiye aliyekwenda. Nilimwona amesimama ameshika kitasa, kwa sababu alijua kuliko wote mle ndani ni nini kingedondoka, na nyuma yake mjomba alikuwa ameshaanza kumdai Bi Kalunde jogoo mwingine, mnene. Akausukuma mlango, na kelele zao zote zikatoka nje, mahali ambapo hakuna wa kuzirudisha.